Baraza la Wafanyabiashara wa Anuradhapura

Katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, gunia halipakiwi kwenye boti la kwenda Kalemie au Uvira kabla mwenyewe hajaliandika jina au alama yake, kwa sababu mzigo usio na alama ukifika ng'ambo hauna wa kuutetea. Juzi nilimtazama mama mmoja akizikoleza herufi mbili ubavuni mwa gunia lake, akizirudia na kuzirudia mpaka zikasomeka vizuri, nikawakumbuka wafanyabiashara wa Kitamil, watu wa kusini mwa India, waliokuwa wakivuka bahari kwenda Sri Lanka zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ambao majina yao yangali yanasomeka hadi leo.

Bahari waliyoivuka ni nyembamba, lakini si rahisi. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470. Kule, kati ya Rameswaram upande wa India na Mannar upande wa Sri Lanka, umetanda mlolongo wa mafungu na miamba uitwao Daraja la Adamu, ambapo maji ni haba kiasi kwamba chombo kikubwa hakipiti. Jirani na mafungu hayo, upande wa kisiwani, ilistawi bandari ya Mantai. Plinius, Mrumi aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika kwamba mabaharia wa kisiwa hicho hawakufuata nyota, bali walibeba ndege chomboni, wakawa wanawaachia mara kwa mara na kuelekeza chombo kule ndege walikorukia kutafuta nchi kavu.

Upande wa Kitamil, bandari ya Korkai ilisifika kwa lulu. Farasi nao walivushwa: Mahavamsa, historia ya kale ya kisiwa iliyoandikwa na watawa wa Kibudha, inasimulia kwamba Sena na Guttika, wana wa mfanyabiashara aliyeleta farasi kwa chombo, waliuteka mji wa Anuradhapura wakatawala miaka 22, na watawa hao hao wanakiri kwamba walitawala kwa haki. Naithamini sana kauli hiyo, maana haikuwa lazima waiandike.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni baraza. Katika mji huo huo wa Anuradhapura, mnamo karne ya 2 kabla ya Kristo, Watamil wenye mali walijijengea mahali pa kukaa penye mwamba, na kila mmoja akachongewa jina lake palipokuwa kiti chake. Maandishi yanawaita Dameda, yaani Watamil, lakini lugha iliyotumika ni Kiprakrit cha kisiwani, lugha ya wenyeji wao. Kwa hiyo naamini hawakuwa wapita njia waliosubiri upepo ugeuke warudi kwao, bali watu waliozoeleka mjini, waliotaka jirani yeyote apitaye aweze kuwasoma. Viti havikulingana. Kilichoinuliwa kuliko vyote hakikuwa cha tajiri wa lulu wala wa farasi. Kilikuwa cha Karava, ambaye mbele ya jina lake limechongwa neno navika, yaani nahodha.