Kokwa za parachichi zilinitoa aibu

Nianze na chumvi, maana ndiyo iliyoniudhi. Kila niliyemwambia nataka kutia uzi rangi mwenyewe alikuwa na jibu moja: chumvi konzi moja, siki kidogo, rangi haitoki ng'o. Shangazi alisema hivyo, dada wa duka la vitambaa akasema hivyo, hadi kinyozi wangu. Nikatii. Nikanunua manjano ya unga sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikachemsha na uzi wa pamba, nikatia chumvi na siki yao. Ulivyotoka ulikuwa unang'aa kama alizeti. Nikafuma skafu nzima, nikampelekea shangazi kwa mbwembwe.

Haikupita wiki akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hii skafu umeifanyaje?"

Alikuwa ameiloweka na sabuni ya mche, ikageuka rangi ya tofali anaiona. Alishaanza kuwafikiria vibaya majirani. Nilipofika nikakamulia limau kwenye pembe moja, njano ikarudi pale pale tone lilipoangukia. Watoto wakanipokonya limau, na kabla ya chai skafu ilikuwa na madoa kama chui. Kumbe manjano ndiyo tabia yake: yakikutana na sabuni au magadi yanakuwa mekundu, yakipata uchachu yanarudi. Na jua nalo halikuyaonea huruma, siku tatu kwenye kamba yakapauka. Chumvi ina kazi yake kwenye baadhi ya rangi za kopo za dukani. Kwenye mizizi na maganda ni ya mboga tu.

Kilichoniokoa ni dada anayeuza juisi karibu na kituo cha daladala. Kila jioni alikuwa anamwaga kokwa za parachichi ndoo nzima. Nikamwomba.

"Unaenda kupanda?"

"Kuchemsha."

Akanitazama, akanipa na ndoo yenyewe.

Kokwa bichi ukiikata ni nyeupe. Ukigeuka kuchukua sufuria, ukirudi imeshakuwa ya chungwa. Sufuria ya kwanza niliiacha inatokota nikaenda kanisani, nikarudi nikakuta tope la kahawia, nikamwaga. Ya pili nikaweka moto mdogo, maji yanatoa mvuke tu bila kuchemka, saa moja na kitu. Yakawa kama chai ya rangi nyepesi. Hapo ndipo nikakumbuka sabuni ilivyoyafanya manjano yangu, nikasema kama magadi nayo yanapenda kuleta wekundu, basi yaulete huku. Nikatia kijiko kidogo kisichojaa. Jamani! Maji yaliiva mbele yangu yakawa kama juisi ya rozela. Uzi ukalala humo usiku kucha, asubuhi nikautoa una waridi ya ufizi wa mtoto mchanga. Sikuweka shabu, ile ya kushikisha rangi kwenye uzi, hata chembe, maana kokwa zina ukakasi ule ule wa chai iliyokolea, na ukakasi huo ndio unaoshika pamba. Maganda ya vitunguu, kwa mfano, yanataka shabu: gramu 15 kwa kila gramu 100 za uzi mkavu, nayo bei yake ni ya kutafutia chenji. Kuhusu kuosha uzi kabla ya yote sisemi kitu. Uchemshe na sabuni, uyaone maji yanayotoka.

Kitanda cha kufumia ni chaga za kitanda cha zamani, misumari, na jioni mbili za kujigonga vidole. Fundi seremala alinitajia bei nikamuaga kwa heshima. Ila kitana chake, kile cha kutenganisha nyuzi, najivunia mpaka kesho. Nilikusanya vijiti vya aiskrimu 22 kutoka kwa watoto wa mtaa mzima, nikatoboa kila kimoja katikati. Kwa kekee vilipasuka, vinne mfululizo. Nikachoma msumari kwenye mkaa mpaka ukawa mwekundu, ukapita kama kwenye siagi, na tundu likatoka laini lisilokwaruza uzi. Nikavisimamisha kati ya vipande viwili vya mbao nikiacha upenyo mwembamba kati ya kijiti na kijiti. Uzi mmoja wa mtande, yaani zile nyuzi za urefu, unapita tunduni, unaofuata unapita kwenye upenyo, jumla nyuzi 43. Ukiinua kitana, zile za tunduni zinapanda. Ukikishusha, zinashuka. Katikati unapitisha mshindio, ule uzi wa kukatiza, basi.

Skafu ya kwanza ya waridi ilianza na upana wa sentimita 24 ikaishia 16. Mume wangu akauliza kama ni tai. Nilikuwa nauvuta mshindio ukaze, kumbe wa kukaza ni mtande. Mshindio unaulaza kwa mshazari, umelegea, ndipo unaugonga na kitana. Nilifumua nusu yake huku nalia kidogo.

Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, nikampelekea shangazi nyingine. Hata hakuivaa. Alienda moja kwa moja kwenye beseni, akachukua sabuni ya mche, akaifikicha mbele yangu kama ana deni nayo. Waridi ikazidi kukolea. Akaikamua, akaitazama upande huu na ule, akaniuliza:

"Safari hii uliweka chumvi?"

Nikamwambia konzi moja.