Kabla ya Bombo

Tumemwoza Hawa, kazini nimeambiwa nahamishiwa Kampala, na wiki yote kichwani mwangu limo swali moja tu la mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa.

Ile nyumba ya Katabi, huku Entebbe, bado tunaifuata. Broka alitupeleka kwa mwenyekiti ili atutambue, maana ukinunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine, bila muhuri wake na sahihi za majirani, umenunua kesi. Akakitazama kitambulisho changu.

"Kwenu wapi, mama?"

"Bombo, mzee."

"Bombo naijua. Kabla ya Bombo?"

Kabla ya Bombo! Ningemwambia sisi Wanubi, ambao Bombo ndiyo kwetu, tumo kwenye Katiba ya 1995 pamoja na makabila mengine ya Uganda. Ningemwambia wazee wetu, askari wa Kisudani, waliletwa na yule Mwingereza Lugard mwaka 1891. Ningemwuliza na yeye, kabla ya Katabi kwake wapi, maana Entebbe hii Waingereza ndio walioifanya makao ya serikali yao, na watu wengi walifuata kazi hapa. Yote hayo yamenijia usiku, kitandani. Pale nilisema tu, "Ni Bombo, mzee," kwa kisauti cha mtoto aliyevunja sahani.

Mume wangu, Baba Zubeda, ndiye aliyejibu: "Kabla ya Bombo alikuwa tumboni mwa mama yake."

Broka alicheka. Mwenyekiti hakucheka, ila muhuri aligonga. Na kusema kweli hakuuliza kwa ubaya. Angeuliza kwa ubaya ningeshamsahau.

Jana tukaenda kwa bibi mwenye nyumba. Akatoa stakabadhi za busuulu, ile kodi anayomlipa mwenye ardhi, kwenye mfuko wa sukari, kila mwaka na yake. Nikaanza na Kiganda changu cha kuokoteza, akanikata kwa Kiswahili cha kambini, kizuri kuliko changu. Kumbe marehemu mumewe alikuwa askari.

"Gurusa, ile mikate yenu ya Kinubi, unajua kupika?"

"Najua, bibi."

"Basi ukihamia, ya kwanza yangu."

Na bei hakupunguza hata shilingi! Nilicheka mpaka ndani ya taksi. Sasa tunamsubiri mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi yenyewe, akubali kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka hivyo, na mwanasheria ametukataza kutoa hata senti kabla ya karatasi hiyo.

Zubeda anasema sikio linamuuma tena, lile lile la kushoto. Dawa za mwezi uliopita alizimaliza zote, nilimsimamia mwenyewe.