Mvua ya Oganda na omena wa Dunga

Mjomba wangu akiniuliza nafundisha nini, humjibu "fasihi" nikanyamaza. Nikithubutu kuongeza kwamba natafiti ufeministi na mazingira, ataniuliza nimepanda miti mingapi. Simlaumu. Tangu Wangari Maathai aanzishe Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, Mkenya akisikia mwanamke na mazingira vikitajwa pamoja, anaona mche.

Mimi napanda maswali tu. Hadithi ninayoipenda kufundisha ni "The Rain Came" ya Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, hapo hapo kwetu. Kiangazi kimekaza, mganga anatangaza kuwa Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, sharti aliwe na zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Osinda, mpenzi wake, anamtorosha wakiwa wamejifunika majani ya bwombwe. Mvua inanyesha hata hivyo. Darasa hubishania hiyo "hata hivyo" hadi kengele: basi kafara ilikuwa ya nini?

Muhula uliopita binti mmoja aliyelelewa Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria huko Kisumu, akainua mkono. "Mwalimu, kwetu mvua ikinyesha, mama hulia."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Asubuhi akina mama huwaanika juu ya nyavu kuukuu. Wingu likipasuka kabla hawajakauka, wanaanza kunuka, na jioni anakuja mnunuzi wa chakula cha kuku na bei yake ya dharau. Mama anakuna kichwa, anauza.

Mfaransa Françoise d'Eaubonne aliliunganisha suala la wanawake na la mazingira mwaka 1974, na baadaye wakaja waliosema mwanamke yu karibu na maumbile kwa asili yake. Maneno matamu hayo, lakini hayajawahi kushinda kutwa ufuoni. Mimi niko na Bina Agarwal wa India, aliyeandika mwaka 1992 kwamba tuangalie nani anafanya kazi gani na nani anamiliki nini. Mama wa Dunga anayasoma mawingu kwa sababu hasara ni yake. Mashua nyingi ni za wanaume, na kuna wanawake wanaodaiwa miili yao ndipo wauziwe samaki; jaboya hiyo, kila mtu hapa anaijua.

Haya yote niliyaweka kwenye makala. Mhakiki wa jarida moja akaniagiza niondoe aya ya omena, eti si fasihi. Nimeirefusha.