Aliyeandika "Nioshe" Kwenye Vumbi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna andiko halikuniacha wiki hii. "Ndugu zangu, mtu akighafilika katika kosa lo lote, ninyi mlio wa Roho mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe" (Wagalatia 6:1). Kurejeza sina shida nako. Kinachonishinda ni upole. Mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Nikimwona ndugu amekwama natamani atoke leo leo, Jumapili ashuhudie, Jumatatu tuendelee na mengine. Nikimtafuta na asipokee simu, nikimtafuta tena na asipokee, naanza kukasirika, na mbaya zaidi ni kwamba hasira yenyewe naivika mistari ya Biblia ili ionekane ni bidii ya Mungu.

Sasa wiki hii nimesafisha gari la rafiki yangu. Msicheke, Bwana hufundisha kwa namna nyingi.

Ndugu huyu amepita katika kipindi kizito, kuuguza na kuzika, na baada ya hapo akanyamaza. Ibada akaacha, simu akaacha, na gari akaliacha chini ya mti likakaa. Amenipa ruhusa niandike haya, ila jina lake nimeliweka pembeni. Nilipomwambia anipe funguo alikataa. "Acha tu kaka, lile gari hata mlango naona aibu kuufungua." Nikamkumbusha Petro alivyomwambia Yesu: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," na jibu alilopewa, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami" (Yohana 13:8). Akacheka kidogo, akaniletea funguo. Kumbe kuoshwa nako kunahitaji unyenyekevu, pengine kuliko kuosha. Hilo ni somo la siku nyingine.

Hali ya gari niwaeleze. Paa na boneti vilikuwa vimepauka, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Taa za mbele njano tupu. Utomvu wa mti umegandia kila mahali, na kinyesi cha ndege kimekauka mpaka kimeanza kula rangi, maana kina asidi. Ndani, harufu ya ukungu, na kwenye mkanda wa kiti cha dereva kuvu imeota kabisa. Na juu ya mfuniko wa buti, kwenye vumbi zito, mtu alikuwa ameandika kwa kidole, herufi kubwa: NIOSHE.

Wote tumeshaiona hiyo. Hata mimi nilitabasamu.

Anayejua kazi ya kuosha gari hakimbilii sponji. Gari lenye vumbi la muda mrefu halipanguswi kavu, kwa sababu vumbi lile ni mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Ile rangi unayoiona inang'aa imefunikwa na tabaka moja la juu, wapiga rangi wanaliita klia, na unene wake mara nyingi ni kama maikromita 50 tu, chini ya unywele wa kichwani. Ukilisugua kwa nguvu na mchanga juu yake unaliumiza, hata kama nia yako ni njema na sabuni yako ni ya bei. Kwa hiyo unaanza na maji. Maji mengi, kutoka juu kwenda chini, bila kugusa. Kinyesi kilichokauka hukikwangui, unakifunika kwa kitambaa kilicholowa na unakiacha mpaka kilainike chenyewe. Halafu povu, nalo unaliacha likae kidogo lifanye kazi. Mkono unakuja mwishoni, na hata hapo unakuwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, usije ukarudisha juu ya gari uchafu uliokwisha kuuondoa.

Nikiwa nimeshika mpira wa maji, mkono mwingine nimeuweka mfukoni ili usinitangulie, ndipo Wagalatia 6 ikaniingia. Yaani muda wote ule nilikuwa namfuata rafiki yangu na kitambaa kikavu.

Nilipomaliza kuosha na kukausha, jua lilikuwa limeinama, linapiga kwa ubavu. Nikapita nyuma ya gari. Vumbi hakuna. Buti ni safi. Lakini lile neno lilikuwa bado lipo. NIOSHE, herufi kwa herufi, limechorwa ndani ya klia. Kidole cha aliyeandika kilikuwa kimebonyeza mchanga kwenye rangi, na mchanga ukaandika kabisa. Vumbi lilitoka kwa maji, neno likabaki.

Rafiki yangu alikuwa amekuja kusimama karibu. Akaliangalia, akasema taratibu, "Hilo nilikuwa nalisoma kila nikipita."

Wapendwa, hapa naomba mnivumilie, nitasema kama ndugu na si kama mkubwa wenu.

Yule aliyeandika hakusema uongo. Gari lilikuwa linahitaji kuoshwa, alichokiona kilikuwa kweli tupu. Ila alikuja bila ndoo. Alisimama, akaona, akaandika, akaenda zake, na katika kuandika kwake akaacha alama ambayo uchafu wenyewe haukuiacha. Na ndivyo tunavyofanyiana kanisani. "Ndugu fulani amepoa siku hizi." Kweli, amepoa. "Tumwombee dada yetu, nasikia nyumbani kwake hakukaliki." Inawezekana hakukaliki. Tunaleta habari kwenye kikundi cha maombi na kuiita hoja ya maombi, na mnajua kama mimi ninavyojua kwamba nyingine tukishazisema hatuziombei hata dakika moja. Tumeandika kwa kidole, tumeendelea na safari. Na mwenyewe anapita anasoma. Usidhani hasomi. Mtu aliyerudi nyuma anajua kwamba amerudi nyuma, hakuna anayejua vumbi lake kuliko yeye, na kila anapotukuta tumenyamaza ghafla, anasoma. Anapoulizwa mlangoni "leo umetukumbuka?" kwa kile kicheko chetu, anasoma. Kisha tunashangaa kwa nini haji.

Angalieni nabii Nathani. Dhambi ya mfalme Daudi haikuwa vumbi, ilikuwa na damu ndani yake: alimchukua mke wa mtu, kisha akamwulisha mumewe. Nathani hakuizungusha mjini. Aliingia kwa mfalme, akasimama mbele yake, akaanza na habari ya maskini aliyenyang'anywa na tajiri mwana-kondoo wake mmoja, akaacha ikamwingia, mpaka moyo wa yule mtu ulipoamka wenyewe, ndipo akasema, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12:7). Huko ni kuanza na maji. Na ni Daudi mwenyewe aliyekuja kulia, "Unioshe kabisa na uovu wangu" (Zaburi 51:2). Neno ni lile lile la kwenye buti, wapendwa, lakini tofauti ni ya mbingu na ardhi: hili limetoka kinywani mwa mwenye uchafu, likielekezwa kwa aoshaye. Hatukupewa kazi ya kumwandikia mwenzetu maombi ya toba mgongoni. Tumepewa kumchukulia mzigo mpaka aweze kuyaomba mwenyewe. Mstari unaofuata hapo Wagalatia ndio huo: "Mchukuliane mizigo." Na Bwana wetu ametajwa hivi na Isaya: "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima" (Isaya 42:3). Huyo ndiye tunayedai kumfuata. Mtu akitoka mikononi mwetu amevunjika zaidi ya alivyoingia, tulikuwa tunamfuata nani?

Kuna atakayeniuliza, je, basi dhambi isisemwe? Isemwe. Upole si kupaka nta juu ya uchafu. Kuna watu wanalipaka gari bovu nta, linang'aa, wanaliuza, na mwenye kununua analia baada ya mvua chache. Mikwaruzo haiondoki mpaka upige polishi, na polishi inakata: inaondoa sehemu ndogo sana ya klia mpaka mkwaruzo ukose mahali pa kukaa. Lile neno kwenye buti nililipiga polishi hivyo hivyo, kidogo kidogo, na ndilo lililonichosha kuliko gari zima. Lakini polishi hupigwa juu ya gari lililokwisha kuoshwa. Kwa mpangilio huo, si vinginevyo.

Harufu ya ndani nayo ilikuwa na chanzo chake. Majani yalikuwa yameoza chini ya waipa, yakaziba vitundu vya kutolea maji, mvua ikawa inaingia ndani na kulowesha kapeti. Ningepuliza manukato mpaka kesho. Mwenye masikio na asikie.

Taa ndizo zilizomshtua mwenye gari. Plastiki ya taa huliwa na jua mpaka ikawa njano, na dawa yake ni msasa wa maji, unaanza namba 1000, unaenda 2000, unamaliza 3000. Msasa wa kwanza ukipita, taa inakuwa nyeupe, haioni, mbaya kuliko ilivyokuwa. "Kaka, umeiharibu!" Nikamwambia subiri. Baada ya polishi ikawa kioo. Na hapo kazi haijaisha, kwa sababu umeondoa kinga yake ya asili, na usipoipaka kinga nyingine dhidi ya jua, baada ya miezi michache inarudi njano. Tunawapokea watu kwa shangwe madhabahuni, tunapiga makofi, na wiki ya tatu hakuna anayewapigia simu.

Paani kuna sehemu klia imebanduka kabisa. Hapo polishi haifui dafu, ni mpaka lipigwe rangi upya, nami nilimwambia wazi. Akasema haina neno, litatembea hivyo hivyo. Yakobo naye, baada ya kushindana na Mungu usiku kucha, alitoka Penieli akichechemea, na jua likamzukia akiwa na baraka yake.

Tulipokuwa tunamalizia viti, yeye akiwa ameshika brashi sasa na mimi nakausha, aliniuliza ibada siku hizi inaanza saa ngapi. Sikumwuliza kwa nini anauliza. Nilimjibu saa, tukaendelea kusugua.

Atakuja Jumapili hii. Namfahamu, atachelewa makusudi ili aingie watu wamesimama kuimba, na atatafuta kiti cha nyuma. Ndugu mnaopenda kukaa nyuma, mpisheni. Wahudumu wa mlangoni, msimpeleke mbele. Asitambulishwe kama mgeni, wala asiitwe kutoa ushuhuda. Msalimieni kwa jina lake, mmwulize watoto, mumwache aimbe. Akitoka kabla ya matangazo, msimkimbilie.

Na wewe ambaye unaye mtu uliyemwandika, hujachelewa. Jumapili bado. Mpigie leo, na usianze na "umepotelea wapi."