Visu viwili vya dada

Kisu cha kukunja kilichonikata kilikuwa na loki, yaani kizuizi cha kulishikilia bapa lisijikunje, na hilo ndilo lililonisumbua kuliko jeraha lenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi ghalani, upande wa kupokea mizigo. Kutwa nzima ni kukata kamba za plastiki, kupasua selotepu, kubomoa maboksi matupu na kuyalaza yafungwe mafungu. Siku ile nilishika boksi gumu la tabaka mbili. Badala ya kulikata kwa kuvuta, nililichoma kwa ncha na kuegemeza uzito wangu. Ncha ikazama, ikakwama. Nikaanza kukisukasuka kisu juu na chini ili kichomoke, na kila nilipokishusha, mgongo wa bapa ulikuwa ukigandamizwa na ukingo wa boksi. Ndani ya mpini wa kisu cha aina ile mna bamba jembamba la chuma. Ukikifungua kisu, bamba linaruka kando na kuegemea kitako cha bapa ili bapa lisirudi. Siku ile bamba liliteleza. Bapa likajikunja lote mara moja, na kidole changu cha shahada kilikuwa kimelala kwenye njia yake.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia mlio mdogo, kama wa swichi ya taa, halafu nikaona damu juu ya boksi. Nilishonwa nyuzi nne, upande wa ndani wa kidole, kati ya kiungo cha kwanza na cha pili. Kovu lipo mpaka leo, na kukiwa na baridi nalihisi.

Dada yangu ni fundi umeme. Kwake kisu ni kifaa cha kazi kama bisibisi na koleo. Jioni ile alipokuja kunitazama alinipa pole, kisha akaniomba kile kisu. Alikifungua, akalishika bapa kwa kitambaa, akalisukuma polepole kwa mgongo wake huku taa ikimulika ndani ya mpini. Nililiona bamba likitambaa. Lilikuwa limelika pembeni, linashika kwa ukingo mwembamba kuliko unene wa ukucha.

"Ulikuwa unakiangalia humu ndani?" akauliza.

"Hapana, dada. Nilikuwa naangalia makali tu."

Akakitia kwenye mkoba wake, na sikukiona tena. Kesho yake alirudi na visu viwili, akaviweka mezani mbele yangu. Vyote viwili ni vya bei nafuu, vya kubeba kila siku, na vyote alikuwa amevitumia mwenyewe. Aliniambia nikae na kimoja wiki moja, kingine wiki nyingine, halafu nimwambie kipi kinabaki kwangu.

"Na wewe utabaki na nini?"

"Utakachokiacha."

Nilianza na Opinel namba 8, kwa sababu ndiyo yenye loki, na mimi baada ya yale nilitaka loki kuliko kitu kingine chochote. Ni kisu cha Ufaransa, kutoka Savoie, ambako Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890. Baadaye akaviwekea namba kuanzia 1 hadi 12 kwa ukubwa. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na mpini wa mviringo wa mbao ya biichi, na ni chepesi sana, gramu 45 hivi. Ukikitia mfukoni unaweza kusahau kwamba umekibeba.

Loki yake ni kitu cha kutazamwa kwa karibu. Shingoni mwa mpini pana pete ya chuma yenye mwanya. Mwanya ukikaa sawa na ufa wa mpini, bapa linapita. Ukiizungusha pete kwa kidole gumba, mwanya unahama, na bapa linakuwa limezuiwa na chuma kizima. Pete hiyo ilibuniwa mwaka 1955 na Marcel Opinel, na tangu mwaka 2000 inazuia hata bapa lililofungwa lisijifungue mfukoni. Hakuna springi ya kuchoka wala bamba la kuteleza. Nilipoizungusha mara ya kwanza, polepole, kidole cha shahada kikiwa bado kwenye bendeji, moyo wangu ulitulia. Naisifu pete ile kwa dhati. Sijaona loki nyingine rahisi kuielewa kiasi kile: unaona kwa macho yako kama imefunga au haijafunga.

Tena kinakata! Bapa ni jembamba, na linapita kwenye boksi bila kulitanua. Cha dada kilikuwa cha chuma cha kaboni, ambacho kikipungua makali unakipitisha kwenye kinoo mara chache na kinarudi. Lakini chuma hicho kinataka uangalizi. Ukikatia matunda yenye uchachu kinageuka rangi, kinakuwa kijivu chenye ubuluu, na ukikiacha na unyevu kinashika kutu. Dada alinionya nikifute kila jioni na kukipaka mafuta kidogo. Siku ya nne nilikisahau kwenye beseni la maji. Mbao ikanywa maji, ikavimba, ikalibana bapa lisifunguke. Dada hakukasirika. Alikigonga kitako cha mpini kwenye ukingo wa meza, pigo moja, na bapa likachomoza kiasi cha kushikika. Aliniambia watu wa Savoie ndivyo wafanyavyo, ni mtindo wao wa siku nyingi.

Wiki ilipoisha, nilikuwa karibu kumwambia hakuna haja ya kuendelea.

Cha pili kilikuwa Victorinox, aina ya Spartan, kile cha Uswisi chenye mpini mwekundu wa milimita 91. Asili yake ni kisu cha maofisa ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897. Ujanja wake mkubwa, ambao fundi kama dada yangu anaupenda sana, ni kwamba springi za mgongoni zinahudumia pande zote mbili, vifaa vya mbele na vya nyuma, ndiyo maana vitu vingi vinaenea kwenye mpini mdogo. Kina bapa kubwa na dogo, kifungulio cha makopo, kifungulio cha chupa ambacho ncha yake ni bisibisi na ubavuni kina pengo la kuchunia nyaya, sindano ya kutobolea, kizibuo, koleo dogo la kutolea miiba. Chuma chake ni cha aina isiyoshika kutu upesi, hakitaki mafuta kila jioni.

Loki hakina. Bapa linashikiliwa na springi tu.

Nilikuwa nakiogopa. Siku ya kwanza nilikata selotepu kama mtu anayekata uzi kwenye nguo aliyoivaa. Kwenye maboksi manene kilikuwa chini ya Opinel, bapa fupi zaidi, na mpini wenye mistari ya vifaa unauma kiganjani ukikata kwa muda mrefu. Niliandika hayo kichwani kama sababu za kukirudisha.

Siku ya tatu nilikutana tena na boksi la tabaka mbili. Mkono una mazoea yake. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshachoma ncha na kuanza kusukuma. Hapo ndipo nilipohisi kitu ambacho sijawahi kukihisi na kile kisu cha zamani: bapa lilitikisa kichwa. Halikujikunja. Lilisogea kidogo sana, springi ikikaza dhidi yake, na mtikiso ule ukanifika kwenye kiganja. Nikaacha papo hapo. Nikaondoa vidole, nikakichomoa kwa kukivuta kwa kunyooka, nikakaa juu ya mzigo kama dakika mbili, nikitazama bendeji yangu.

Kile cha zamani chenye loki hakikuniambia kitu. Kwa miezi mingi nilikichoma, nikakitikisa, nikakigeuza kuwa tindo, na chenyewe kilikaa kimya kama kitu kilichoshonwa, mpaka dakika iliyonifikisha kwenye nyuzi nne. Hiki kilisema mapema, na kilisema kwa lugha ambayo mkono unaielewa. Kuanzia hapo mpaka wiki inaisha sikuchoma tena. Nilikata kwa kuvuta, makali yakielekea mbali na mwili, mkono wa pili nyuma ya bapa. Boksi nene lilichukua mivuto mitatu badala ya mmoja, na sikuona tabu.

Jumapili dada alikuja. Nilikuwa nimeviweka visu vyote mezani, Opinel nimeifuta na kuipaka mafuta, Victorinox nimeikunja. Nilimwambia nabaki na hiki chekundu.

Alishangaa kweli. "Wewe? Uliyekatwa? Mimi nilijua kabisa utachukua chenye pete."

Akanieleza kwa nini anavyo vyote viwili. Aliwahi kufanya kazi Uingereza, na kule sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, na mahakama zao zilishaamua kwamba chenye loki hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Chekundu alikinunua kwa ajili ya huko. Lakini kisu chenyewe hasa, akasema, cha kazi, cha mtu aliyewahi kuumia, ni Opinel. Loki ya pete haina kitu cha kulika. Kama ningekuwa nacho siku ile ghalani, kidole kingekuwa kizima.

Alikuwa na haki, na nilimkubalia hilo bila kubisha. Pete ile ingenizuilia bapa. Ila mimi siku ile nilikuwa nasukuma visivyo, na ningeendelea kusukuma hivyo hivyo mwaka mzima bila kujua, na mwisho wake ningetafuta cha kuvunja, ncha au kingine.

"Nipe mkono," nikamwambia.

Nikalifungua bapa kubwa, nikaushika mpini kwa pembeni pasipo kidole chochote mbele ya ufa wake, nikaweka kidole gumba chake juu ya mgongo wa bapa, karibu na ncha. Nikamwambia asukume taratibu, asimame atakapohisi. Akasukuma. Bapa likatikisa kichwa. Akasimama.

Akakichukua akajaribu tena mwenyewe, mara mbili, macho akiwa ameyafumba. Halafu akakirudisha mbele yangu bila neno. Akaiokota Opinel, akaizungusha pete kwa kidole gumba mpaka ikakaza, akaitia mfukoni mwa suruali yake ya kazi, akaniuliza bendeji inatolewa lini.