PS2 imetoka kabatini: apdeti ya mradi wa gemu za kitambo

Kwa ambaye hajui, mwaka huu hamu ya gemu imenikata kabisa. Laptopu imejaa, nazinunua zikishuka bei, nadaunlodi usiku kucha, halafu naingia dakika mbili tatu ramani inanimwagia vialama kila kona, kusanya hiki, mpelekee yule, nafunga naenda YouTube kuangalia wengine wakicheza. Gemu zenyewe wala si mbaya, ila stimu hamna. Basi nkatoa ile PS2 slim (PlayStation 2, ile nyembamba) iliyokuwa juu ya kabati kwa mamangu hapa Majengo, nirudie nlizokuwa nazipenda, na sheria ni moja tu: CD ikiingia haitoki mpaka niimalize ama niitangaze imekufa.

Kucheza kulisubiri kwanza. Chumvi ya Mombasa haina huruma, pini za nyuma zilikuwa zishaota kijani. Raha ya slim ni mfuniko unafunguka kwa juu na jicho la leza liko wazi, kwa hivo ni pamba ya masikio na spiriti kidogo, unapangusa taratibu bila kukandamiza, unaacha ikauke. CD za kuchoma zengine bado inazikataa, orijino inasoma zote. Padi ndo kichekesho, analogi ya kushoto inavuta yenyewe, CJ, yule mhusika mkuu wa San Andreas, anaondoka kivyake kama kaitwa.

Halafu TV. Kwenye flati ya sebuleni, na zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, picha imefifia na mbaya zaidi inachelewa, wabonyeza pasi mchezaji afikiria kwanza. Fundi mmoja upande wa Mwembe Tayari alikuwa na TV ya kisogo inchi 21 ameigeuza meza ya birika la kahawa, akaniachia kwa bei ya kutupa, kuipandisha ngazi ndo nlilipia kwa mgongo. Lakini kuchelewa kumeisha kabisa wallahi. Kama una PS2 na waona vidole vimezeeka, jaribu hilo kwanza.

Nlianza na GTA San Andreas (2004), ile ya magenge ya mtaani, nikijua hii ndo dawa. Vidole vikakumbuka kodi, vile vibonyezo vya siri vya kuidanganya gemu, kabla ya kichwa: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, afya inajaa, ngao inajaa, dola 250,000 zinaingia. Enzi hizo kodi zilikuwa nyuma ya madaftari yetu yote. Ila kuicheza kihalali sasa, nkafika ile misheni ya treni na Big Smoke, rafiki yake CJ, wafeli, hamna chekpointi ya kuendelea ulipofikia, warudi mpaka kwa Smoke uanze upya. Na hapo ndo nkaelewa kitu: misheni hizi sikuwahi kuzifanya! Kwa gemu pale mtaani, ndo pale pa kuchezea kwa pesa, tulikuwa twalipia kwa muda, shilingi 10 zako zikiisha padi inapokonywa, nani angepoteza dakika zake kumfuata Smoke? Ulikuwa waita kifaru cha jeshi kwa kodi, wachafua mtaa, waamka. Gemu nlioipenda ilikuwa ya dakika chache tu, zilizobaki hata sizijui. Nimeitangaza imekufa. Redio zake bado tamu.

PES 6 (2006), gemu ya mpira, ni hadithi nyengine, maana hiyo yenyewe ilikuwa ikilipiwa kwa mechi na imetengenezwa ya kukaa ndani ya mechi. Mpira mzito, usipougeuza mwili vizuri pasi haifiki. Majina mengine ni ya kubuni, Liverpool ni Merseyside Red, Chelsea ni London FC, na Adriano wa Inter ana nguvu ya shuti 99 kwa hivo ukimchukua lazima mkubaliane kwanza, kwetu watu waligombana kishenzi. Saa hii niko Master League, ile ya kuendesha timu msimu baada ya msimu, kitu ambacho kwa kulipia mechi hakingewezekana, na wale wachezaji wa kuanzia, kipa Ivarov, Minanda, Ximelez, Castolo. Mtoto wa kakangu kazoea mpira wa kwenye simu, akakaa pembeni akaniuliza, "Ami, mbona huyu hakimbii?" Nkamwambia ndo Castolo huyo, mpige krosi mpe kichwani. Sasa kila akitoka chuoni yuaja kumtafuta Castolo.

Lakini inayonilaza saa nane ni Need for Speed Most Wanted (2005), ya mbio za magari. Zamani nlikuwa naingia kwenye sevu ya mtu, gemu aliyokwisha kuifikisha mbali, gari ishapambwa, nafukuzana na polisi basi. Safari hii nimeanza na kigari cha Fiat Punto. Kuna orodha ya madereva 15 wa kuwashinda, ili umfikie mmoja wataka ushindi kadhaa wa mbio, rekodi kadhaa za kufukuzwa na polisi, na bounti, zile pointi za kuwasumbua polisi, kwishnei, hakuna takataka nyengine. Ukimpiga wachagua alama mbili za zawadi, na kati ya zile zilizofichwa moja ndo gari lake. Kwa Ming, namba 6, nlikaa nimeshika kichwa nikichagua, ikaja Lamborghini Gallardo yake, nkapiga ukelele mpaka mamangu akagonga ukuta. Juzi hiti ya 5, yaani polisi wamepandwa kweli, miba barabarani, magari nyuma siyahesabu, nkapita chini ya lile sanamu la donati kubwa la duka nkaliangusha, likawafunika. Nkajificha nimezima kila kitu nikisubiri ile mita ya kuwapotea polisi ijae, pumzi sivuti.

Sasa niko kwa JV, namba 4 kwenye orodha, bado bounti. Ikiisha hii naingia Shadow of the Colossus (2005), majitu 16 na farasi na uwanda mtupu. Kwa gemu hakuna aliyewahi kuiomba, na hata mimi nisingelipia mtu dakika za kupanda farasi. Jamaa wa Kisauni anayo orijino, ataka tubadilishane na San Andreas. Nimemwambia aje aichukue hata leo.