Ghorofa Iliyosubiri Reli

Mji mdogo wa Port Townsend, katika jimbo la Washington, Marekani, nilikuwa nimeusoma kwa muda mrefu kabla ya kuutia machoni. Mjomba wangu, fundi mwashi mstaafu wa Tanga, alipokuja kututembelea Seattle, nilimwomba tufuatane, kwa sababu nilitaka mtu anayezijua kuta anieleze yale ambayo vitabu havielezi.

Tuliingia kwa kivuko kutoka kisiwa cha Whidbey. Ukiwa majini unauona mji katika ngazi mbili: ufukweni kuna barabara ya Water na maghorofa yake ya matofali, na juu ya mwinuko mkali zipo nyumba za mbao za matajiri wa zamani, pamoja na mnara wa saa wa mahakama ya kaunti ya Jefferson. Walowezi waliuanzisha mji huo mwaka 1851 katika ardhi ya Waklallam, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, ambao kijiji chao kilichomwa moto mwaka 1871 ili wahamishwe. Jina la chifu wao, Chetzemoka, limebaki kwenye bustani iliyofunguliwa mwaka 1904, na kwangu mimi hilo ni fidia ndogo mno.

Forodha ilihamishiwa hapo mwaka 1854, na meli zilizotoka ng'ambo zikalazimika kutia nanga kwanza Port Townsend. Mwishoni mwa miaka ya 1880 zikaenea habari kwamba reli inakuja kuuunganisha mji na bara zima. Kampuni ya Oregon Improvement, iliyokuwa chini ya kampuni ya reli ya Union Pacific, ilianza kutandika njia kuelekea kusini, bei za viwanja zikapaa, na wafanyabiashara wakajenga kana kwamba treni ya kwanza imekwisha kupiga honi. Mwaka 1890 kampuni ikafilisika. Njia iliishia Quilcene, msituni, na mdororo wa uchumi wa mwaka 1893 ukamalizia kilichobaki.

Mwenye duka moja la barabara ya Water, aliposikia kazi ya mjomba, alituruhusu kupanda hadi ghorofa yake ya juu kabisa. Upande wa mbele ulikuwa na madirisha marefu yenye matao, yamepambwa ili yaonekane kutoka bandarini; lakini ndani hapakuwa na lipu, hapakuwa na dari, na vyumba vilikuwa vimewekewa alama tu za mahali ambapo kuta zingesimama. Mjomba alipitisha kiganja kwenye matofali, akakwaruza chokaa kwa ukucha, kisha akafumba jicho moja kuangalia kama kona imenyooka.

"Mwanangu," akasema, "hapa fundi hana kosa. Yeye alimaliza yake. Aliyeshindwa ni mwenye fedha."

Nilimweleza kwamba umaskini huohuo ndio ulioyaokoa majengo: kwa miongo kadhaa hakuna aliyekuwa na fedha za kuyabomoa na kujenga mapya. Kiwanda cha karatasi kilileta ajira mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1977 serikali ya Marekani ikaitambua sehemu ya kale ya mji kuwa eneo la kihistoria la taifa.

Kisha tukapanda ngazi zilizo nyuma ya chemchemi ya mapambo iitwayo Haller, kwa kuwa alitaka kuiona mahakama. Ni kazi ya msanifu Willis Ritchie, ya matofali mekundu, na ilikamilika mwaka 1892, reli ikiwa imekwisha kufa. Mimi nilidhani waliimalizia kwa kiburi tu cha miaka ya neema. Mjomba alikataa katakata. Alinizungusha jengo zima akinionyesha jinsi mawe ya msingi yalivyofungana na matofali, akasisitiza kwamba hiyo ni kazi ya watu walionuia kubaki. Na kwa kuwa kaunti bado inaitumia kwa shughuli ileile, sikuwa na la kumjibu.